Sura ya Tano: Kosa Lisilo na Fimbo

Mwishoni mwa mwaka 2017, katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walikabidhiwa vishikwambi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukalia dawati. Hawakupewa mwalimu wala kitabu. Walipewa kifaa chenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na pale kijijini kukajengwa kituo cha umeme wa jua cha kukichajia. Vifaa vilitolewa na Google. Programu zilikuwa za timu tano zilizofika fainali ya shindano la Global Learning XPRIZE, ambalo zawadi zake za dola milioni 15 zilitoka kwa Elon Musk. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishirikiana kuendesha kazi huko vijijini. Swali lilikuwa moja: je, mtoto anaweza kujifundisha kusoma ndani ya miezi 15?

Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 ilipokwisha, kundi hilo la wasioweza kusoma hata neno moja lilikuwa limepungua kwa nusu. Mei 2019 ushindi ukagawanywa kwa timu mbili, Kitkit School na onebillion, kila moja ikapata dola milioni tano. Programu zao zikawekwa wazi ili anayetaka azichukue na kuzirekebisha bila kulipa.

Takwimu hizo hunipa furaha na tahadhari kwa pamoja. Furaha, kwa sababu mtoto aliyekuwa akipita mbele ya bango la duka bila kulielewa sasa analisoma. Tahadhari, kwa sababu nusu nyingine ilibaki pale pale, na mtoto wa nusu hiyo anahitaji mtu wa kuketi naye, si kifaa kingine. Lakini kuna jambo jingine ambalo takwimu hazilionyeshi, nalo ndilo lililonifanya niandike sura hii. Katika miezi yote ile, mtoto alipogusa herufi isiyo yenyewe, hakuna aliyemcheka. Hakuitwa mbele. Hakusimamishwa kwa mguu mmoja. Alisikia tena sauti ya herufi, akajaribu tena, na tena, mpaka ikamkaa.

Sasa tuingie darasani kwetu. Kosa darasani kwetu lina gharama kubwa. Mtoto akinyosha mkono na kukosea, wenzake wanaangua kicheko. Siku mbaya, anaambulia fimbo. Baada ya wiki chache ameshajifunza somo moja kwa ufasaha: kunyamaza. Wanaonyosha mikono wanabaki wale wale watano wa mbele, na mwalimu, kwa kuwasikia hao, anaamini mada imeeleweka. Anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia kwa kuvuta, "Ndiyooo, mwalimu!" Ukweli unakuja kujulikana kwenye mtihani wa muhula, wakati mada imeshapita na mpya imeshaanza. Waswahili husema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwa mtu mzima huenda ni sawa. Mtoto anayejifunza ana haki ya kulirudia kosa lake mara nyingi kadiri anavyohitaji, mradi kila mara apate kujua kwamba ni kosa na kwa nini.

Hapo ndipo naona faida ya kweli ya michezo ya kidijitali na zana za mtandaoni. Zinapunguza gharama ya kukosea, na zinamwonyesha mwalimu kosa likiwa bado bichi. Watu wengi huzisifia kwa kusema watoto wanafurahi. Furaha ni njema, nami siipuuzi, ila mtoto anaweza kufurahi dakika arobaini na asitoke na kitu.

Kwa nini kujibu maswali kunafundisha zaidi ya kusikiliza? Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua. Kundi moja la wanafunzi wa chuo walisoma habari fulani mara nne. Kundi jingine waliisoma mara moja tu, kisha mara tatu wakajaribu kuikumbuka bila kuiangalia. Walipopimwa baada ya dakika tano, walioirudia kusoma waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yalikuwa yamegeuka. Walioisoma mara nne walikumbuka asilimia 40, na waliojipima walikumbuka asilimia 61. Kule kuhangaika kulitafuta jibu kichwani ndiko kunakolikaza. Mchezo wa maswali na majibu, ukiandaliwa vizuri, ni njia ya kumfanya mtoto ahangaike hivyo mara nyingi bila kuogopa.

Ukiandaliwa vizuri, nasema, kwa sababu mingi haiko hivyo. Ipo michezo mingi ya hisabati ambayo hesabu zake ni kizuizi tu njiani: mtoto anajibu saba mara nane ili aruhusiwe kurusha risasi au kukimbiza gari. Akili yake yote iko kwenye gari, hesabu anaibahatisha ili ipite. Tazama wazee wanavyocheza bao. Mashimo 32, kete 64, na mchezaji hawezi kusogea bila kuhesabu kete zitafika wapi na zitakula nini. Huwezi kuitoa hesabu kwenye bao na bao likabaki. Mchezo wa darasani upimwe kwa kipimo hicho hicho: toa somo ndani yake uone. Kama mchezo bado unachezeka, hilo si somo.

Nitaeleza sasa kipindi kimoja kwa kirefu, kwa maana hapa ndipo mwalimu mwenye darasa la watoto sabini na simu moja hukata tamaa bila sababu. Iko zana iitwayo Plickers. Mwanafunzi hahitaji kifaa chochote. Anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi wa miraba, na kila mchoro una umbo lake peke yake. Pande nne za kadi zimeandikwa A, B, C na D kwa herufi ndogo sana. Mwalimu anauliza swali lenye majibu manne. Mwanafunzi anaishika kadi yake huku herufi ya jibu alilochagua ikiwa juu. Mwalimu anapitisha kamera ya simu au kishikwambi darasani kote, na programu inasoma kadi moja moja na kumwonyesha nani amejibu nini. Jirani hawezi kunakili kirahisi, kwa kuwa umbo la kadi ya mwenzake si kama lake. Mtoto mwoga wa dawati la nyuma amejibu sawa na yule kinara wa mbele, na aliyekosea hajulikani ila kwa mwalimu wake.

Chukua mada ya kujumlisha sehemu. Ubaoni mwalimu anaandika: 1/3 + 1/4. Majibu ni A: 2/7, B: 7/12, C: 2/12, D: 1/7. Anayechagua 7/12 yuko sawa. Anayechagua 2/7 amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, akiziona sehemu kama namba mbili mbili zilizopangwa juu na chini. Anayechagua 2/12 ameipata asili ya pamoja lakini akasahau kwamba kiasi nacho kinabadilika. Anayechagua 1/7 ameona viasi vinafanana, akaviacha, akajumlisha asili peke yake. Kila jibu lisilo sahihi lina mawazo nyuma yake, na kila wazo lina tiba yake. Mwalimu anayeona nusu ya darasa wako kwenye A hahitaji kuanza mada upya; anahitaji kuchora duara mbili ubaoni na kuuliza kama vipande vya theluthi na vya robo vinalingana ukubwa.

Bora zaidi asiseme lolote kwanza. Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, tangu miaka ya 1990 amekuwa akifundisha hivi: uliza, wajibu kila mtu peke yake, usitoe jibu, kisha waambie wamgeukie jirani na kila mmoja amshawishi mwenzake. Halafu wapige kura tena. Mara nyingi kura ya pili huwa bora kuliko ya kwanza, na kwa sababu ya maana: mtoto aliyeelewa jana anakumbuka bado ni wapi alipokwama, kwa hiyo anamweleza mwenzake kwa maneno ambayo mwalimu wa miaka ishirini kazini ameshayasahau. Njia hii haina manufaa kama watoto wote wamepata au wote wamekosa. Inafaa pale darasa linapogawanyika, na kujua kwamba limegawanyika ndiyo kazi ya ile simu.

Kadi za Plickers zinakomea 63. Darasa lako lina watoto zaidi ya hapo? Wape kadi moja wawili wawili. Kwanza nilidhani huko ni kubana matumizi. Sasa naamini ni kuboresha, kwani wawili hawawezi kuinua kadi bila kukubaliana. Na siku ambayo hakuna chaji wala bando, kata maboksi, andika herufi nne, wainue, uhesabu kwa macho. Utakosa rekodi ya nani alijibu nini, lakini swali zuri litaendelea kuwa zuri.

Zana maarufu zaidi ya aina hii ni Kahoot!, iliyotokana na utafiti wa Alf Inge Wang katika chuo kikuu cha NTNU huko Trondheim, Norway, na kuanza kutumika kwa umma mwaka 2013. Ina muziki, rangi na ubao wa washindi, na watoto huipenda mno. Tatizo lake ni alama za kasi: anayejibu haraka hupata zaidi. Mtoto anayefikiri taratibu anajifunza kwamba kufikiri kunamchelewesha. Mwalimu anayeitumia aongeze muda wa kila swali na acheze kwa vikundi. Tena inataka kila kikundi kiwe na kifaa na intaneti, jambo ambalo katika shule nyingi zinazokataza wanafunzi kuleta simu linabaki kwa wenye chumba cha kompyuta.

Upande wa sayansi, mwalimu ajue PhET. Ni mkusanyiko wa majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder na Carl Wieman, aliyekuwa ametunukiwa Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ni bure, unaweza kupakua jaribio nyumbani na kulitumia shuleni bila intaneti, na baadhi yake yameshatafsiriwa kwa Kiswahili. Nalipenda zaidi lile la sakiti. Mwanafunzi anachukua betri, waya, balbu na swichi, anaunganisha anavyotaka. Akipiga shoti, betri inatoa moto kwenye skrini. Katika maabara halisi, kama ipo, ammita ni moja na mwalimu anailinda kama mboni ya jicho, hivyo wanafunzi arobaini wanatazama mmoja akiunganisha kwa usahihi. Hakuna anayeruhusiwa kuunganisha vibaya, kwa hiyo hakuna anayejua vibaya kukoje.

Mwaka 2005 watafiti wa Colorado walilinganisha wanafunzi waliojifunza sakiti kwa uigizaji huo na waliotumia vifaa halisi. Wale wa uigizaji walielewa dhana vizuri zaidi, na walipopewa waya na balbu za kweli waliunganisha vizuri kuliko wenzao. Sababu haiko mbali. Skrini inaonyesha elektroni zikitembea ndani ya waya, kitu ambacho waya wa kweli hauwezi kukuonyesha. Hata hivyo sitaki mtoto amalize shule bila kugusa waya. Apige shoti kumi kwenye skrini Jumatatu, na Jumatano apewe betri ya tochi, kipande cha waya na balbu aiwashe kwa mkono wake.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini basi mipango mingi ya kugawa vifaa imeishia kwenye kabati lililofungwa kwa kufuli. Jibu lililo wazi kuliko yote lilitoka Peru. Nchi hiyo iligawa kompyuta ndogo za mradi wa One Laptop per Child katika shule za vijijini, na mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilichapisha tathmini iliyofanywa katika shule 319. Kompyuta zilikuwa zimefika kweli: shule zilizopewa mradi zilikuwa na zaidi ya kompyuta moja kwa kila mwanafunzi. Baada ya miezi 15, muda ule ule wa Tanga, hakukuwa na dalili ya mabadiliko katika matokeo ya hisabati wala lugha. Kifaa cha Tanga kilijengwa kwa kazi moja, kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu hatua kwa hatua. Cha Peru kilikuwa na mambo mengi ndani yake, na hakuna aliyemwambia mwalimu Jumatatu asubuhi afanye nacho nini katika somo la siku hiyo.

Malawi walichukua njia ya katikati. Programu za onebillion zilijaribiwa kwanza katika shule ya msingi mjini Lilongwe, kwa Kichewa, na utafiti wa Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha watoto waliozitumia kwa wiki nane wakipanda katika hisabati kuliko wasiozitumia. Serikali ya nchi hiyo sasa inazipeleka katika shule za msingi za umma, darasa la kwanza hadi la nne: vishikwambi vinakaa shuleni, vinachajiwa kwa jua, na watoto wanavitumia kwa zamu ndani ya ratiba. Napenda hilo neno ratiba. Kifaa kisicho na nafasi kwenye ratiba hutumika wageni wanapokuja.

Na kwetu Tanzania vifaa vipo kuliko tunavyokiri. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vilielekezwa kwa walimu. Kenya ilianza kugawa vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma mwaka 2016. Kishikwambi kimoja mkononi mwa mwalimu kinatosha kwa kipindi cha sehemu nilichokieleza.

Liko suala la lugha, na hapa sitazunguka. Watoto wa Tanga walifundishwa kwa Kiswahili. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza Tanzania anahamishiwa Kiingereza kwa siku moja, na zana nyingi za mtandaoni zinamngoja kwa Kiingereza hicho hicho. Akikosa swali la fizikia, mwalimu hajui kama alikosa fizikia au alikosa lugha. Kosa la namna hiyo halimfundishi mtu yeyote, wala aliyelifanya wala anayelitazama. Kahoot!, Plickers na nyingine kama hizo zinamruhusu mwalimu kuandika maswali yake mwenyewe, kwa lugha anayoitaka. Basi aandike kwa Kiswahili pale anapotaka kujua kama dhana imeeleweka, na aandike kwa Kiingereza swali lile lile siku inayofuata. Akiona pengo kati ya matokeo hayo mawili, atajua afundishe nini. Sioni ushahidi ulio bora kuliko huo wa kupeleka kwenye mjadala wa lugha ya kufundishia, na unaweza kukusanywa katika shule yoyote ya kata.

Neno fupi kuhusu majina. Zana hizi huhifadhi kumbukumbu za wanafunzi kwenye seva zilizo nje ya nchi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Mwalimu asisajili mtoto kwa jina kamili. Aweke namba ya mahudhurio, na orodha ya namba na majina ibaki kwenye daftari lake. Wala asibandike ukutani orodha ya walioshika mkia, maana hapo atakuwa ameirudisha ile fimbo kwa umbo jingine.

Kinachokosekana zaidi kwa sasa ni muda wa mwalimu. Swali moja lenye majibu matatu yasiyo sahihi lakini yenye maana ndani yake laweza kumla mwalimu nusu saa, na mwalimu mwenye vipindi thelathini kwa wiki na madaftari mia mbili ya kusahihisha hana nusu saa hiyo. Mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umeshaweka jumuiya za kujifunza katika shule za Tanzania. Walimu wa somo moja hukutana huko. Napendekeza vikao hivyo vitumike kuandika maswali, na kipindi kimoja cha wiki kiingizwe kwenye ratiba kwa kazi hiyo. Kila mwalimu aje na madaftari matano ya wanafunzi wake, yale yenye alama nyingi za kukosa. Wakae wayasome, wajiulize mtoto alikuwa anafikiri nini alipoandika hivyo, na kila jibu lililojirudia walifanye kuwa A, C au D ya swali lao. Waanze na mada moja inayowasumbua wote. Maswali kumi kwa muhula yanatosha, kisha shule jirani ya kata hiyo hiyo ipewe nakala, nayo ilete ya kwake.